Risasi Saba Ng'ambo ya Tope

Mama Kamili aliiweka chupa ya maji juu ya meza ya mkuu wangu wa kazi, akafungua kifuniko, akasema, "Mkuu, karibu maji. Kunywa."

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Bwana Nestory hakuyagusa. Aliitazama chupa, akanitazama mimi, akairudia chupa.

"Leo siku ya tisa tunakunywa hayo," Mama Kamili akaendelea. "Tunachota kwenye majaruba ya mpunga, na mpunga umepigwa dawa wiki hii hii. Kamili wangu yuko zahanati, ametundikiwa dripu. Wako watoto wengine wanne pale pale. Chemchemi tunayo, safi kabisa, lakini mwenye nayo sasa hivi ni nyati."

Tulikuwa katika ofisi ya wanyamapori, Ushirombo. Mimi, Salome, nilikuwa na wiki saba tu kazini tangu nitoke chuoni. Nilikuwa nimekuja na daftari zima la mipango: klabu za wanafunzi, mizinga ya nyuki ya kuzunguka mashamba, mikutano ya kina mama. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo la kwanza nitakaloombwa na wananchi litakuwa kuua.

Habari za nyati huyo tulikuwa nazo. Alikuwa dume, peke yake, ametoka kwenye hifadhi akiwa na waya wa mtego umezama mguuni. Alishindwa kulifuata kundi, akajilaza vichakani karibu na chemchemi ya kijiji cha Ilalwe, na kila aliyesogea na ndoo alifukuzwa. Mzee mmoja alivunjwa paja. Nilikuwa nimeuliza kama daktari wa wanyama hawezi kuja kumlaza kwa dawa, tumtoe waya, tumtibu. Nilijibiwa kwa upole kwamba mguu umeshaoza mpaka kwenye mfupa, na kwamba kibali cha kumuua kimeshatoka. Kilichokosekana ni bunduki.

Yaani bunduki tulikuwa nayo. Ilikuwa moja, kubwa, ya kutosha nyati. Ila mwezi wa kwanza ilikuwa imedondoka kutoka kwenye pikipiki ya doria, na kilengeo chake cha nyuma, kile kibati chenye mkato ambao jicho hupitia, kilikuwa kimesogea kwenye mfereji wake. Stanslaus, afisa aliyenitangulia, alihamishwa kabla hajakirekebisha. Tangu siku ile hakuna aliyejua risasi ya bunduki ile ingekwenda wapi. Kumwendea nyati mgonjwa na silaha ya namna hiyo ni kutafuta maiti mbili.

Bwana Nestory alifungua kabati la chuma akatoa risasi kumi. Akazitenga juu ya meza, saba huku, tatu kule.

"Hizi tatu ni za nyati, haziguswi," akaniambia. "Hizi saba ni za kurekebishia. Jioni niletee lile boksi la shabaha. Nikiona risasi tatu za mwisho zimeingia ndani ya duara la kisahani cha chai, kesho alfajiri unakwenda Ilalwe. Nisipoona, bunduki inarudi kabatini na tunawasubiri wenzetu wa wilaya ya jirani waje na ya kwao."

"Watakuja lini, mkuu?"

"Wamesema Ijumaa. Wao wakisema Ijumaa, ujue ni Jumatatu."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mama Kamili alihesabu kwa vidole vyake kimya kimya, mpaka Jumatatu, halafu akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "piga vizuri."

* * *

Uwanja wetu wa shabaha ulikuwa tuta la lambo la zamani lililopasuka, upande wa magharibi. Mbele ya tuta kulikuwa na bonde la udongo mweusi ambao mwezi wa tatu hugeuka uji. Ng'ambo ya bonde, hatua themanini hivi, kulikuwa na kifusi kirefu cha udongo walioutupa wachimbaji wa dhahabu waliochimba, wakakosa, wakahamia Bugarama. Kifusi hicho ndicho kilichozuia risasi zisiende mbali. Ukitaka kufika kule unazunguka kwa njia ya ng'ombe, nusu saa kwa miguu, gari halipiti. Mtandao wa simu bondeni haukuwepo. Na darubini pekee ya ofisi ilikuwa imekwenda doria pamoja na askari wote.

Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kukaa kule, asome matundu, anipigie kelele. Mtu huyo alikuwa Mzee Jilala, mlinzi wa bohari yetu, ambaye kabla ya kuwa mlinzi alikuwa msoma nyayo wa ofisi kwa miaka zaidi ya thelathini. Siku ya kwanza aliposikia kwamba mimi ni Mluguru wa Matombo alinitangaza kuwa mtani wake, na tangu hapo sikuwahi kupita getini kwa amani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Nasikia leo Mluguru anapiga bunduki. Ngoja kwanza nikaage nyumbani, maana mimi ndiye nitakayekaa karibu na boksi."

"Usiwe na wasiwasi. Nikikupiga nitakuzika kwa heshima zote."

"Unizike wewe? Mtani akifa wewe unakuja msibani kudai kuku!" Akajitwisha boksi kubwa la televisheni kichwani, juu ya kofia yake ya sufu ambayo huivaa hata jua likiwa la saa saba, akaanza safari ya kuzunguka.

Saa tisa na nusu alikuwa ameshalisimamisha boksi kwenye kifusi na kuchora kwa mkaa duara la ukubwa wa kisahani. Pembeni yake, umbali wa kutosha, kulikuwa na shimo fupi la wachimbaji ambamo angejificha wakati napiga. Tulikubaliana: akiinua kitambaa cheupe yuko shimoni, napiga. Akiinua chekundu yuko nje, bunduki naiweka chini, wazi, na sigusi kitu.

Pamoja nami kwenye tuta alikuwepo Benjamini, dereva wetu, Mpare wa Same, aliyehamia wilayani wiki tatu baada yangu. Tulipanga viroba viwili vya mchanga, nikalala kifudifudi, nikaweka pamba masikioni. Kitambaa cheupe kikapanda. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabana kifyatulio.

Bunduki ile ina teke. Bega langu lililipokea, na moyoni nilifurahi, kwa sababu nilijua nilikuwa nimebana bila kutikisika. Nikapiga ya pili pale pale. Mzee Jilala akatoka shimoni na kitambaa chekundu, akainama mbele ya boksi, akapima kwa vidole, akaweka viganja mdomoni. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Sauti ilifika vipande vipande.

"...sukuma! Vidole sita!"

Nikatoa pamba. "Amesemaje?"

"Sukuma," Benjamini akasema. "Vidole sita."

Chuoni tulifundishwa kwamba kilengeo cha nyuma unakisogeza upande ule unaotaka risasi iende. Msomaji wa matundu anakwambia tu risasi imeangukia wapi, mwenyewe unafanya hesabu. Mzee huyu hakuniambia upande. Aliniambia nisukume. Nilidhani kwa uzoefu wake ananirukisha hatua, haniambii ugonjwa, ananipa dawa moja kwa moja.

"Nisukume kwenda wapi lakini?"

"Dada Salome, wewe nyundo unaishika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi ukigonga, kinakwenda kushoto. Huko ndiko kusukuma. Angetaka kirudi huku angesema vuta."

Nikaona ana akili. Nilichora kwa penseli alama ya pale kilengeo kilipokuwa, nikaweka kipande cha shaba ubavuni mwake ili chuma kisiumie, nikagonga kwa nyundo ndogo mara mbili. Kikasogea kushoto kiasi cha unywele. Kitambaa cheupe. Nikapiga ya tatu.

Mzee alitoka, akapima, akapima tena. Safari hii alikaa muda.

"...sukuma! Vidole kumi na viwili!"

"Umeona?" Benjamini akasema. "Bado. Umegonga kama unampapasa mtoto."

Nikagonga mara nne, kwa nguvu ile ile. Nikapiga ya nne. Mzee Jilala alipotoka shimoni alisimama mbele ya boksi bila kuinama. Akavua kofia yake ya sufu. Akaipiga pajani.

"Sukumaaa! Sukuma saaana!"

Benjamini aliniletea nyundo. "Gonga nane basi."

Niliishika nyundo mkononi. Nilikuwa nimebakiwa na risasi tatu, na hizo tatu ndizo zilizotakiwa ziingie kwenye duara. Hakukuwa na ya kujaribia tena. Nilimfikiria Kamili, mtoto ambaye sikuwahi kumwona, na sindano kwenye mkono wake. Nikafikiri, mtu anayekwambia jambo lile lile mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, huenda hukumwelewa tangu mwanzo. Na aibu ikanishika, kwa sababu nilikuwa nimeona haya kuuliza. Sikutaka mzee aone kwamba msomi wa chuo hajui maana ya sukuma.

"Nakwenda kule," nikasema.

"Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi? Jua litakuwa limetuaga."

"Napita hapa hapa."

Nilichomoa bolti ya bunduki, kile chuma kinachofungia risasi ndani, nikaitia mfukoni, ili kwa Benjamini libaki gogo tu la chuma. Nikavua viatu, nikapandisha suruali, nikashuka. Hatua ya tatu tope lilikuwa magotini. Hatua ya kumi lilikuwa mapajani, na suruali niliyoipandisha ilikuwa imepandishwa bure.

"Wewe! Mtani!" Mzee Jilala alikuwa anapunga kitambaa chekundu kama anayesimamisha treni. "Huko kuna tope!"

"Nimeshaliona, mzee!"

"Umeliona au umelivaa?"

Nilifika nikiwa mweusi mpaka kiunoni. Hakunipa mkono. Alinipa kijiti nijikwangue, na akajisogeza pembeni nilione boksi.

Duara la mkaa lilikuwa safi, halijaguswa. Kushoto kwake kulikuwa na matundu mawili yaliyokaribia kushikana. Kushoto zaidi, moja. La nne lilikuwa karibu na ukingo wa boksi. Yote manne yalikuwa kwenye mstari mmoja, hayakupanda wala kushuka, kama watu wanaondoka zao mmoja mmoja.

"Mzee," nikasema, "mbona zote zimekwenda kushoto?"

"Si ndicho ninachokwambia tangu saa ile?"

"Uliniambia nisukume!"

"Usukume nini?"

"Kilengeo!"

Mzee Jilala alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya lugha ngeni. "Mimi sijataja kilengeo. Nimesema risasi imekwenda sukuma." Akanyoosha mkono upande wa kushoto wa boksi, kwenye vilima vya mbali vyenye rangi ya moshi. "Sukuma si kule? Geita kule. Ziwa kule. Upande wa pili, huku, ni dakama, Unyamwezini. Nyuma yangu kiya, jua linakochomoza. Mbele yangu ng'weli, linakozama, na ndiko ulikolala wewe unanipigia marisasi."

Nilisimama na kijiti changu mkononi. Wiki saba nilikuwa nimeishi katikati ya Wasukuma, nimekula nao, nimesali nao, na siku zote nilidhani jina lao ni jina tu. Sikuwahi kuuliza kama lina maana. Kumbe ni upande wa dunia. Ni kaskazini.

"Mzee," nikasema polepole, "kwa Kiswahili sukuma ni hivi." Nikakisukuma kifusi kwa viganja viwili.

Alitazama mikono yangu. Niliona jambo likimwingia taratibu, kutoka machoni kwenda mdomoni. "Kwa hiyo mimi nasema imekwenda sukuma, wewe unaisukuma?"

"Kwa nyundo."

"Nasema imezidi sukuma, unaisukuma tena?"

"Mara nne."

Mzee Jilala akakaa chini. Hakuchagua pa kukaa, alikaa pale pale alipokuwa, juu ya kifusi, akacheka mpaka machozi yakaingia kwenye mikunjo ya uso wake. "Nikawa najiuliza," akasema alipopata pumzi, "huyu binti ana ugomvi gani na watu wa Mwanza!"

Na mimi nikacheka. Ng'ambo ya tope Benjamini alikuwa amesimama juu ya tuta ameshika kiuno, hajui kama tunacheka au tunalia.

Kisha mzee akafuta macho, sura ikabadilika. "Ni kosa langu, mwanangu," akasema, na hakuniita mtani. "Bwana Stanslaus alikuwa mtu wa Kahama, haya maneno ameyanyonya. Na aliyemtangulia vilevile. Sikufikiri."

"Ni langu, mzee. Ningeuliza mara ya kwanza. Lakini kwa nini husemi tu kulia na kushoto?"

"Kulia kwa nani? Mimi nimekugeukia wewe, wewe umenigeukia mimi. Kulia kwangu kushoto kwako. Kuna afisa mmoja, zamani, tulimaliza boksi zima la risasi kwa kulia na kushoto, mpaka tukanuniana wiki nzima. Nikasema basi. Sukuma iko pale pale hata mtu ajigeuze vipi."

Nikayatazama matundu manne tena, na hapo ndipo nilipoanza kuyaona kwa jicho lingine. Nikamwomba anipimie kwa vidole vyake, vile vile alivyopima mwanzo. Matundu mawili ya kwanza, vidole sita kutoka katikati. La tatu, kumi na viwili. La nne, ishirini na vinne.

"Mara ya kwanza niligonga mara mbili," nikasema, "ikaongeza vidole sita. Mara ya pili nikagonga nne, ikaongeza kumi na viwili."

"Kila kugonga, vidole vitatu," Mzee Jilala akasema kabla yangu.

"Na sasa tuko vidole ishirini na vinne."

Alihesabu kwa kukunja vidole, mimi kwa kichwa, tukafika pamoja. "Nane," tukasema.

Nane, kurudi. Sita za kufuta makosa yangu na mbili za kufuta la pikipiki. Kama ningepatia upande tangu mwanzo lakini nikakosea kipimo, ningekuwa nabahatisha mpaka risasi ya mwisho. Zile mbili nilizozipeleka Mwanza zilikuwa zimenifundisha bunduki ile inavyosikia nyundo. Sikusema hivyo kwa sauti. Nilimwambia tu, "Asante, mzee."

"Asante baadaye. Nenda, jua hilo. Na usiwe na haraka kwenye kubana. Nyati hajahama."

Nilirudi kwa njia ile ile ya tope, safari hii nikijua pa kukanyaga. Benjamini alinipokea kwa swali. Nilipomweleza aliweka mikono kichwani. "Yaani mimi ndiye niliyesema gonga nane!"

"Na nane ndizo nitakazogonga," nikamwambia. "Ila kwa kuvuta."

Nikanawa mikono kwa maji ya kunywa yaliyokuwa garini, nikaikausha vizuri. Niliigeuza bunduki, nikaweka kipande cha shaba upande wa pili, nikagonga nane, nikihesabu kwa sauti. Kilengeo kikarudi, kikafika kwenye alama yangu ya penseli, kikaipita kidogo. Nikarudisha bolti. Jua lilikuwa nyuma yangu, limeshuka, likiliangazia boksi lote. Kitambaa cheupe.

Nilisali sala fupi sana, ya maneno mawili. Nikabana.

Mzee Jilala alitoka shimoni upesi kuliko alivyotoka mchana kutwa. Akainama. Akainuka, akatupa kofia juu.

"Katiiii!"

Benjamini alinipiga mgongoni, nikamwambia aache, bado mbili. Ya sita niliipiga moyo ukiwa mtulivu zaidi.

"Dakama! Kidole kimoja!"

Nilitabasamu kwenye kitako cha bunduki. Kidole kimoja kusini, bado ndani. Ya saba nilisubiri upepo ulale kwanza. Mzee alikaa mbele ya boksi kwa muda uliotosha kunitia hofu, halafu akapaza sauti, "Juu kidogo! Imegusa mkaa! Imeingia!"

Jioni Bwana Nestory aliweka kisahani cha chai juu ya duara, akachungulia. Matundu matatu. Akanyoosha kidole kwenye yale manne yaliyotawanyika kushoto.

"Na haya?"

"Hayo nilikuwa najifunza Kisukuma, mkuu."

Aliuliza zaidi, nikamwambia yote bila kujitetea. Naye, mtu ambaye sijawahi kumsikia akicheka ofisini, aligeukia dirishani na mabega yake yakatikisika. Kisha akasukuma zile risasi tatu kuelekea kwangu. "Alfajiri," akasema. "Jilala atangulie mbele. Yeye akisema simama, simama."

* * *

Tulifika Ilalwe nyasi zikiwa na umande. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewazuia watu wote kwenye viwanja vya shule. Mzee Jilala alitangulia na kifuko cha majivu, akikitikisa kila baada ya hatua chache aone upepo unakwenda wapi. Hakutania hata neno moja. Alisoma nyayo kwa kidole, akanionyesha alama ya mguu uliokuwa unaburuzwa, na usaha uliokauka kwenye majani. Nikaelewa kwamba mnyama huyu alikuwa ameteseka siku zote zile tulizokuwa tunaandikiana barua.

Kisha mzee akasimama. Nikasimama.

Nyati alikuwa kwenye matete, hatua arobaini. Alikuwa ametusikia, na alikuwa anajitahidi kuinuka. Miguu mitatu ilikubali, wa nne ukakataa. Aliinua kichwa kizito akatutazama, na sikuona hasira yoyote machoni mwake, niliona uchovu tu. Nilimwambia moyoni, nisamehe, waya ule aliutega mtu kama mimi. Nikapiga magoti, nikaweka kiwiko kwenye goti. Sikuwa na shaka na bunduki. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kufikiri, kubana bila kutikisika, ili asipate maumivu mengine.

Nikabana.

Aliinama kama anayekunywa maji, akaanguka ubavu. Tulisubiri, bunduki begani, mpaka Mzee Jilala alipozunguka kwa nyuma na kumgusa jicho kwa kijiti kirefu. Halikupepesa. Akanionyesha kiganja wazi: imekwisha.

Nililia. Nilidhani mzee atanitania, lakini alinipa kisogo, akachukua koleo mfukoni mwa koti lake, akauchimbua waya ule mguuni na kuukata kabla kisu cha mtu yeyote hakijagusa ngozi. Aliukunja ukawa duara dogo akaniwekea mkononi. "Huu ndio uwapelekee wanafunzi wako wa klabu," akasema. "Wauone."

Mlio wa bunduki ulikuwa umeshafika shuleni. Sikumsikia mwenyekiti akitoa ruhusa, na sidhani kama aliombwa. Wanawake walikuwa wanashuka mteremko, ndoo na madumu mikononi, wengine na watoto mgongoni, wanatembea haraka bila kukimbia. Wa mbele walipofika karibu nasi walipunguza mwendo, wakamtazama nyati, wakapita kwenda kwenye chemchemi. Maji yalitoka chini ya jiwe, madogo, meupe, kama hayakujua kilichotokea.

Mama Kamili alikuwa katikati yao. Nilimuuliza habari za mtoto.

"Ameamka anaomba uji," akasema. Alijaza ndoo yake mpaka juu, akachota kikombe, akaja nacho kwa mikono miwili akanipa mimi kwanza, halafu Mzee Jilala. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nilikunywa yote.

Waliporudi na ndoo vichwani, kila mmoja aliyenipita alisema neno lile lile, taratibu, asimwage maji. "Wabeja." Neno hilo nilikuwa nalijua, ni asante. Nilichokuwa sikijui ni jinsi linavyojibiwa. Nilimgeukia Mzee Jilala, na mbele ya watu wote, bila haya, nikamuuliza.